Meza ya Mama Maria

Nyumbani kwetu kulikuwa na meza moja tu, na ilikuwa mwiko kula juu yake. Tulikula tumekalia vigoda, sahani magotini, na ukimwaga mchuzi ulikuwa umelimwagia gauni lako mwenyewe. Kazi ya shule tuliifanyia sakafuni, tumelala kifudifudi, na mwalimu alituchapa kwa mwandiko mbaya kana kwamba tulikuwa na namna nyingine. Meza ilisimama kwenye kona, imefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi mama, ikingoja mgeni aliyefika mara moja kwa mwaka na kukaa muda wa kusali fumbo moja la rozari. Mgeni mwenyewe hakuwa hata mtu. Alikuwa sanamu.

Najua kuna watakaosema naanza vibaya. Waseme. Mimi ni Mkatoliki, nilibatizwa nikiwa mchanga na nitazikwa Mkatoliki wakinikubali, na nimemwomba Mama Maria mambo mengi, mengine akanipa. Hasira yangu si juu yake. Ila siwezi kusimulia habari za hija ile kama wanavyoisimulia wengine, kwa maua na nyimbo, kwa sababu nilikuwepo na niliona ilivyompita mama yangu kwenye lango lake mwenyewe.

Misheni ilikuwa juu ya kilima upande wa Nyamira, ambako mashamba yalikuwa yameanza kugeuka chai tupu. Sanamu ililetwa kutoka Ulaya ndani ya sanduku la mbao lililojaa nyasi kavu, kabla sijazaliwa. Ilikuwa na uso mweupe, joho la buluu, mikono iliyo wazi, na chini ya mguu kulikuwa na nyoka ambaye sisi watoto tulimwogopa kuliko tulivyompenda Maria. Kila Agosti, kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, ilishushwa hadi kanisa dogo la sokoni ikalala huko, na asubuhi ya sikukuu ikapandishwa tena kilimani mabegani mwa wanawake wanne, umati ukifuata. Watu walitoka Kiogoro, walitoka Nyakoe, kwa miguu, wamebeba ndizi za kuchemsha kwenye vikapu, wakalala kwenye madarasa ya shule. Kila mtu na lake. Huyu anataka mtoto, yule mume wake alikwenda kuchuma chai Kericho akasahau njia ya kurudi, mwingine ana mguu usiopona. Wengi walirudi kwao na shida zao vilevile, lakini walirudi wamechangamka, na hilo nalo si dogo.

Kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, zilikuwepo nyumba chache ambako sanamu ilipumzishwa. Kwetu ndiko kulikuwa mwisho, maana mlima mkali ulianzia langoni petu. Wabebaji walifika hapo mabega yanawaka moto, wakaitua mezani, fumbo likasaliwa, wakapumua, ndipo wakaukabili mlima. Kupumzikiwa na Maria halikuwa jambo la mchezo. Nyumba iliyopumzikiwa ilihesabiwa kuwa nyumba. Yetu ikitajwa sokoni ilitajwa kwa heshima: ile nyumba ya meza.

Meza hiyo baba aliinunua Nyakoe, akaibeba kichwani, miguu minne ikitazama mbinguni. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja Msabato mwenye mdomo usiopumzika hata Jumamosi, alimwona akipita akamwuliza tangu lini ameota pembe, tena nne.

"Ni ya Mama Maria," baba akajibu.

"Huyo Maria wenu ana bahati," jirani akasema. "Mke wako bado unamkalisha kwenye kigoda."

Baba alicheka mpaka meza ikayumba. Hicho ndicho kicheko chake ninachokikumbuka vizuri zaidi, kwa sababu muda si mrefu kifua kilimshika, akakohoa msimu mzima wa mvua, akafa. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Hapo ndipo nilipowafahamu watu. Tulikuwa wasichana wanne, mimi nikiwa kitinda mimba. Mvulana hakuna. Kwetu Ugusii wakati ule, na mtu asinidanganye kwamba leo tumebadilika sana, wasichana wanne walikuwa furaha ya kupita. Wataolewa, watakwenda, na nyumba ya mama yao itabaki kibanda cha kizee kinachongojewa kianguke. Baba mkubwa, kaka yake baba, alipakana nasi upande wa juu, naye alikuwa katekista wetu. Alikuwa na sauti nzuri ya kuongozea rozari. Matanga yalipokwisha alikuja akakaa, akapewa uji, akaunywa wote, kisha akasema kwa sauti ile ile ya rozari kwamba wapimaji wa mashamba wanakaribia kufika huku kwetu, na ingekuwa busara shamba la marehemu liandikwe kwa jina lake, kwa kuwa nyumba isiyo na mvulana haina wa kusimama mpakani.

Mama alimjibu kwamba atafikiri. Baba mkubwa hakungoja fikra za mtu. Msimu uliofuata alipanda pareto upande wetu wa mpaka, mistari michache, na alipoulizwa akasema miche ilimzidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu aliyetufundisha amri za Mungu kwa fimbo, usiibe, usitamani mali ya jirani yako, alikuwa akiitembeza pareto yake mstari kwa mstari kuelekea mlangoni kwetu, na Jumapili akatuuliza kwa nini tumechelewa kanisani.

Mama alikuwa mmoja wa wale wanawake wanne. Alibeba pembe ya mbele ya machela ya sanamu, upande wa kulia, na baada ya kila sikukuu tulimkanda bega kwa maji ya moto. Alivaa utepe wa buluu wa akina mama wa Maria, ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya altare ya Maria, na hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Juu ya jambo la shamba alisali. Alisali asubuhi, alisali akichuma chai, midomo ikicheza. Alipomaliza kusali akafanya ambalo mama yake na bibi yake wangelifanya. Akaoa.

Niseme polepole kwa wasiotoka kwetu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe akaoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Hakumwoa awe mke wake yeye. Alimwoza kwa mwana ambaye hakuzaliwa. Msichana yule alikuwa mkwe wake, alimwita mama, na watoto aliowazaa walikuwa wajukuu wa nyumba ile na warithi wake. Aliyempa mimba hakuulizwa jina wala hakuwa na la kudai. Mila hiyo ni kongwe kuliko misheni, na si chafu. Iliwekwa na watu waliozijua vizuri tabia za baba wakubwa.

Ng'ombe walikuwepo. Walikuja kwa ndoa ya dada yangu wa kwanza na mama alikataa katakata wasiuzwe. Wakapelekwa karibu na Ikonge, kwa watu wasio na kitu ila binti mtulivu, na binti akaja kwetu na sanduku la bati na jembe. Alinizidi umri kidogo tu. Kwa kuwa alikuwa mke wa kaka yangu ambaye hakuwahi kuwepo, nilimwita wifi, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Wifi alizaa mtoto wa kiume. Mama alipotoka chumbani kututangazia alikaa chini kizingitini akacheka, machozi yakimtoka, na kitambaa cha kichwani kikamwanguka asijue. Sijamwona tena akicheka vile. Wapimaji wa mashamba walipofika, alisimama mpakani na mtoto mgongoni. Wakamwuliza mrithi wa shamba hili ni nani. Hakuwajibu kwa mdomo. Aligeuka tu, wakaona mgongo. Mpaka ukawekwa pale ulipokuwa siku zote, na Wifi akaing'oa pareto ya baba mkubwa, akaipanga vizuri upande wake kama kuni.

Laiti mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa naandika kitu kingine. Lakini baba mkubwa alipanda kilimani kwa padri.

Padri wetu alikuwa mzungu mrefu, mwenye ndevu nyekundu. Alijua Kiswahili cha vitabuni, na lugha yetu aliijua kiasi cha kusalimia tu, kwa hiyo baba mkubwa ndiye aliyekuwa sikio lake na ulimi wake. Jumapili moja baada ya misa mama aliitwa kwenye mlango wa sakristia. Nilimfuata kwa sababu hakuna aliyenikataza.

"Mama," padri akasema, "nimeambiwa umemleta msichana nyumbani kwako azae nje ya ndoa. Ni kweli?"

Baba mkubwa akafungua kinywa afasiri. Mama akainua kiganja kumnyamazisha. Maishani mwake hakuwahi kumwinulia shemeji yake kiganja. Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Sijaleta azae nje, Padri. Hiyo ni ndoa. Ng'ombe ilienda, watu walikula."

"Mwanamke hawezi kuoa mwanamke."

"Si ya mimi, Padri. Ni ya nyumba."

"Na baba wa mtoto ni nani?"

Mama alifikiri. Niliuona uso wake ukichangamka, kama mtu aliyekumbuka kwamba anamjua ndugu wa mgeni wake.

"Padri, nauliza. Hii Maria yetu, ile mtoto yake, ilikuwa ya mzee Yosefu?"

Hakuuliza kwa kejeli. Naapa, na nilimjua. Mama alikuwa amembeba mwanamke yule begani miaka mingi, na kwake habari yake haikuwa fumbo hata kidogo. Mwanamke amezaa mtoto ambaye si wa mume wake, mume naye ni mtu mwema, amempa mtoto nyumba na ukoo, na hakuna aliyesumbuliwa na swali la nani ni nani. Ilikuwa habari ya kwetu kabisa. Wengine walihitaji miujiza ili waiamini. Mama aliamini kwa sababu aliona watu wa huko nao walifahamu namna ya kuiokoa nyumba. Alidhani padri atafurahi kwamba hatimaye wameelewana.

Padri alibadilika rangi mpaka masikio. "Amekufuru," baba mkubwa akasema, na kwa mara ya kwanza hakuhitajika kufasiri. Hukumu ikatoka pale pale. Hakuna komunyo mpaka yule msichana arudishwe kwao. Asiiguse sanamu. Na sanamu haitapumzika tena katika nyumba ile.

Baba mkubwa akanyoosha mkono kuudai utepe. Mama aliufungua, akaukunja pole pole kama alivyovikunja vitambaa vya altare, akamkabidhi kwa mikono miwili. Jumapili iliyofuata ulikuwa umevaliwa na mke wake baba mkubwa.

Mpaka leo nikiwaza siku ile mikono inaniwasha. Arudishwe kwao! Mtoto je, naye arudishwe wapi? Akatwe vipande, kimoja kibaki mpakani? Mbele ya altare walimhubiri mama aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, watu wakalia, na kwenye mlango wa nyuma wakaamuru mama mwingine afukuzwe na mtoto wake. Nilitaka tuhame kanisa. Nilitaka tuwe Wasabato, kwa ukaidi tu. Jirani yetu alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili.

"Njooni kwetu," alimwambia mama. "Sisi hatuna sanamu ya kukunyima."

"Mtaninyima chai," mama akamjibu. "Nyinyi watu mnailima, mnaiuza, na hamuinywi. Nitawaaminije?"

Mimi sikucheka. Nilimwuliza mama anawezaje kufanya mzaha. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua macho.

"Maria hajanikataa," akasema. "Ni watu wake."

Agosti ikafika. Nilikuwa likizo. Siku moja kabla ya sikukuu mama aliitoa ile nguo nyeupe ya meza, akaifua, akaipiga pasi ya makaa, kisha akateremka mtoni akarudi na yungiyungi nyeupe. Asubuhi akaniambia nishike meza upande mmoja. Tuliipeleka mpaka langoni, pale pale ilipowekwa miaka yote.

"Mama, walisema hawatasimama."

"Walisema wao," akajibu. "Mimi nimeandaa."

Ndipo nikaelewa kwamba bado alitumaini. Alidhani watu wakiiona meza, wakimwona yeye, wakimwona mtoto, mioyo yao itakumbuka. Hilo liliniumiza kuliko hukumu yenyewe. Wifi alisimama nyuma yetu na mtoto mgongoni, amevaa nguo yake moja nzuri, na nilisikia anavyopumua.

Tuliwasikia kabla hatujawaona. Baba mkubwa alitangulia, rozari mkononi, sauti yake ikimwagika barabarani. Nyuma yake sanamu, juu ya mabega ya wanawake wanne, na kwenye pembe ya mama alikuwa mke wa baba mkubwa, jasho likimchuruzika. Walipofika langoni miguu yao ilipunguza mwendo yenyewe. Ilikuwa imezoea. Mmoja wa wanawake wa nyuma alianza hata kukunja magoti, tayari kutua mzigo, na sanamu ikayumba.

"Mbele!" baba mkubwa akasema, kisha akaendelea na Salamu Maria kutoka pale alipoikatiza.

Wakaenda mbele. Umati ukafuata. Watu waliokunywa maji yetu, waliovua viatu vyenye matope kwenye baraza yetu, mwanamke ambaye mama alimpa gauni baada ya nyumba yake kuungua, wote ghafla walipata kitu cha kutazama upande wa pili wa barabara. Padri alikuja mwisho na mwavuli wake. Aliiangalia meza, akaangalia viatu vyake, akapita. Nyimbo zikapanda mlima bila sisi.

Nilikuwa na jiwe mkononi. Sijui nililiokota saa ngapi.

"Weka chini," mama akasema bila kugeuka. Nikaliweka.

 Kisha akayaondoa yale maua, akamchukua mtoto kutoka mgongoni mwa Wifi, akamkalisha juu ya kitambaa cheupe.

"Basi keti wewe," akamwambia. "Meza haikai bure."

Mtoto alikuwa na njaa. Alichukua yungiyungi moja akajaribu kuila. Wifi aliuficha uso wake kwenye kanga, mabega yakimtikisika, na mimi nikawa nalia kwa hasira, kilio kibaya chenye kelele, mpaka nikasikia ndara za mtu zikivuka barabara. Alikuwa jirani yetu. Amebeba kibuyu cha uji wa wimbi na vikombe, na kigoda chake mwenyewe kwapani.

"Sisi hatuabudu sanamu," akasema, akikaa bila kukaribishwa. "Lakini meza ya mtu haiachwi wazi namna hii. Ni aibu kwa kijiji."

Akamimina uji, akaweka vikombe juu ya kitambaa cheupe, na kimoja kikaacha duara la kahawia ambalo halikutoka tena hata kwa sabuni ya mche. Tangu siku hiyo tulikula mezani.

Mngedhani mama aliachana nao. Hata! Kila Agosti aliifuata hija ile, mwisho kabisa, nyuma ya wazee na watoto, akapanda kilima, akapiga magoti nje ya kanisa kwenye nyasi, akasali, akarudi. Niligombana naye sana kwa hilo. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, nina mshahara na maneno makubwa, nikamwambia anajidhalilisha. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama nimekula.

Alipougua, aliyemuuguza ni Wifi. Dada zangu walikuwa kwa waume zao, mimi shuleni. Tulikuja tukaondoka, tukaleta sukari. Wifi alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Mwisho ulipokaribia mama aliomba kitu kimoja tu, komunyo. Yule padri wa ndevu nyekundu alikuwa amerudi kwao, misheni ilikuwa chini ya mwingine, na njia ya kumfikia ilikuwa ile ile, kupitia kwa baba mkubwa. Nikaenda kumwita. Alikuja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Yule msichana amesharudishwa kwao?" akauliza.

Yule msichana alikuwa mbele ya macho yake, amekiegemeza kichwa cha mama kifuani, anamdondoshea maji mdomoni kwa kijiko. Nilimwambia baba mkubwa maneno ambayo mtoto hamwambii mzee, na nikiyakumbuka nayaona machache. Akaondoka. Kilimani hakufika. Nilipokimbia kupanda huko mwenyewe, padri hakuwepo, na niliporudi mama alikuwa amekwisha kwenda. Alikufa na njaa ile. Hilo sijalisamehe, na sijaombwa nisamehe.

Tulimzika sisi wenyewe, kando ya baba, bila padri. Jirani yetu alileta wimbo wake wa Kisabato, na sauti yake ni mbaya, lakini aliuimba wote. Mtoto aliletwa mbele. Alikuwa mdogo bado, akaokota udongo kwa ngumi yake akautupa wa kwanza, kama mwana wa nyumba anavyotakiwa, na baba wote wa ukoo wakitazama. Nikaangalia pareto kule juu. Haikuwa imesogea.

Aliye juu mngoje chini. Miaka michache baadaye, mwisho wa miaka ya sabini, misheni ilipata padri mpya, kijana, mmoja wetu, na mtu mwungwana. Alikuja kwetu na baba mkubwa nyuma yake. Akasema mambo ya zamani yaachwe kwa watu wa zamani. Wabebaji, akasema, wamezeeka, na bila kupumzika chini ya mlima sasa hawafiki. Mwaka uliopita walikaribia kuiangusha. Je, sanamu inaweza kupumzika tena kwetu?

Nilikuwa nachemka. Nilifungua kinywa, lakini nyumba haikuwa yangu tena. Ilikuwa ya Wifi, na padri, kwa sifa yake, alimtazama Wifi.

"Karibuni," Wifi akasema.

Nilikaa naye bila kusemezana mpaka siku ile. Asubuhi ya sikukuu nilingoja aniambie nishike meza upande mmoja. Hakusema. Alichemsha ndizi, akapakua na maharagwe, akamwita mwanawe aje ale.

Wakaja, na nyimbo zao. Safari hii walisimama langoni petu wote, umati mzima, wakitazama huku na huku. Palikuwa na nyasi tu.

"Meza iko wapi?" baba mkubwa akaniuliza mimi, kwa maana hakuwahi kumsemesha Wifi tangu aje.

Wifi akanitangulia kujibu. Aliinamisha macho, kama heshima inavyomtaka mke mbele ya wakwe zake wa kiume, na akamwita baba, kwa lugha yetu.

"Iko barazani, *tata*. Ina mtu. Anakula."

Kila mmoja akatazama barazani. Mtoto alikuwa amekaa mezani, viwiko vyote viwili juu yake, pale pale ambapo sisi hatukuruhusiwa kuweka hata kitabu. Yule padri kijana alimwangalia mtoto, akamwangalia Wifi, akaelewa kitu, akavua kofia yake. Baba mkubwa hakuwa na la kufanya. Akaanza fumbo. Wanawake wanne walilisali wakiwa wamesimama juani, mzigo mabegani. Mke wa baba mkubwa alikuwa kwenye pembe ya mama yangu, kidevu kinatetemeka, na Maria akatetemeka naye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia baba mkubwa akiharakisha rozari.

Mtoto alilelewa vizuri. Aliwaona wale mama wanavyoteseka. Akateremka kitini, akaichukua sahani yake kwa mikono miwili.

"Mama," akaita, "nihame?"

Wifi hakugeuka. Alikuwa anamtazama yule aliye juu ya mabega, uso kwa uso.

"Kaa," akasema. "Maliza chakula chako."

Akakaa.